Mguu Umesogea

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa shambani, wala usiniambie mvua ilikuzuia. Nilikuona umesimama penye migomba, nyuma ya wanawake wa kwaya, na makaa yalipoletwa ukatoa simu mfukoni ukaanza kukisugua kioo kwa kidole gumba kama mtu anayengoja ujumbe mkubwa. Hapakuwa na ujumbe. Kule bondeni Lufingo mtandao haushiki, nawe unajua haushiki. Ulikuwa unatazama kioo cheusi ili usiutazame mguu wa mwanamke.

Basi nakuandikia wewe. Mimi sisahau, na wengi wenu hamnipendi kwa sababu hiyo. Namkumbuka Yohane wa kiwandani, aliyelalamika mgongo, picha zikatoka safi, mkamwita mvivu mpaka akaacha kutoka nje ya nyumba yake. Namkumbuka Elina, aliyepotewa na sauti alipomzika mwanawe. Mlimshika mkamtikisa kichwa mkimkemea pepo, shingo ikateguka, na sauti haikurudi. Nani aliuliza siku ile? Mlikwenda kula.

Sasa ni Atupakisye. Na Jumapili bado haijafika, ndiyo maana naandika mbiombio.

Unamjua Atupakisye, lakini nitamsema kana kwamba humjui, maana mmeanza kumsahau angali hai. Ni mchuma chai, mjane wa Ambindwile, mama yake Tulia. Mwanamke wa kucheka kwa sauti, mwepesi wa kushuka mteremko na kikapu mgongoni hata majani yakiwa yamelowa umande. Ambindwile alipokuwa anakufa alimwambia mbele ya mama yake mzazi, Bibi Anyelwisye, na mbele yangu pia: "Yule ng'ombe ana mimba. Msimchinje kwenye msiba wangu. Mtamla siku moja, halafu mtoto atakunywa nini?"

Atupakisye akafuata neno la mumewe. Tulizika kwa wali na maharage.

Nawe ulikula yale maharage, na ukiwa unakula ulinung'unika. Wote mlinung'unika. Nilisikia mtu anasema, "Ambindwile kazikwa kama kuku." Mwingine akasema, "Mwanamke amemfungia marehemu zizi." Nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, kwenye foleni ya kunawa, nung'unu, nung'unu, nung'unu. Na mnajua wazee wetu wanaamini nini juu ya jambo hilo. Watu wakimnunia mtu kwa pamoja, hasira yao humtoka kila mmoja puani na mdomoni kama baridi, na baridi ile humwingia anayenuniwa. Wanaiita pumzi ya watu. Mtu aliyepulizwa hivyo huugua.

Sikuambii uiamini. Nakuambia kilichotokea.

Asubuhi moja Atupakisye alikuwa katikati ya mstari wa chai, amefunga nailoni yake ya kuzuia umande kiunoni, mara akasimama. Wenzake wakampita. Nyapara, Lugano, akapiga kelele kutoka juu: "Mama Tulia! Chai haichumwi kwa macho!"

"Miguu yangu imekwenda wapi?" akauliza.

Wakacheka wakidhani ni mzaha wake wa kila siku. Kisha akakaa chini taratibu, kikapu kikamwagika, na hakuinuka.

Tulimpeleka hospitali, mimi na Tulia. Daktari alikuwa kijana mtulivu. Akampiga goti kwa nyundo ndogo, goti likaruka. Akamtekenya wayo, vidole vikajikunja. Wakapiga picha ya mgongo, wakapima damu. Mimi nikaitwa kusogeza kitanda cha mgonjwa mwingine, na daktari akamwambia Tulia peke yake: "Mifupa ya mama ni mizima, mishipa ni mizima. Mama ana mawazo. Mlete tena Jumatatu ya wiki ijayo, kuna mtu wa mazoezi, na kuna wa kukaa naye aongee."

Tulia ni binti mkweli. Aliporudi nyumbani akasema kama alivyoambiwa: mwili hauna shida, mama ana mawazo. Neno likatoka pale likashuka kwenye bomba la maji, na bombani likaongezwa mkia, likawa "ni mawazo tu." Dukani likawa "hana kitu." Jua lilipozama lilimfikia Meshaki, mdogo wake Ambindwile, likiwa limeshakuwa "anajifanya." Hiyo Jumatatu hakuna aliyeitaja tena, kwa maana mtu asiye na kitu anarudi hospitali kufuata nini? Nilipolizungumzia suala la kumpeleka, Meshaki alisema nyumba ile ina wenyewe, na kiti tulichombebea siku ya kwanza kikafichwa.

Angalia neno hilo dogo. Tu. Daktari hakulisema.

Bibi Anyelwisye alijaribu njia yake. Huyu bibi hana hila. Alizunguka nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akiwaambia majirani: "Mwanangu, kama ulimnunia mkamwana wangu, njoo uyaseme. Yaseme mbele yake, uteme maji chini, yaishe. Mimi sikasiliki." Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa zamani: watu wanakuja, kila mmoja anatoa lililo moyoni, anatema maji, baridi inarudi ilikotoka.

Hakuja hata mmoja. Hata wewe hukuja. Mzee wa kanisa alisema ni mambo ya giza, nanyi mkashukuru kupata sababu, lakini sababu yenyewe mnaijua: atakayekuja kutema maji amekiri kwamba alinuna. Kila mmoja akakaa nyumbani kwake na usafi wake.

Ndipo Meshaki akapata nafasi. Alikusanya watu pale uwanjani kwa marehemu kaka yake, Atupakisye akiwa amekaa mkekani mlangoni, anasikia kila neno.

"Kama ni mawazo," Meshaki akasema, "si aache kuwaza? Mimi huwa nawaza pombe kutwa nzima, mbona siendi kilabuni kwa kutambaa?"

"Kwenda huendi kwa kutambaa, Meshaki," akasema mama mmoja, "kurudi ndiko."

Kicheko. Nikaona hapo pana mlango, nikaingia.

"Shemeji yako ameshindwa kutembea," nikasema. "Wewe unamtania."

"Aa, profesa wa gulioni kafika." Hivyo ndivyo anavyoniita, kwa sababu vitabu vyangu nanunua kwenye marundo ya mitumba. "Edward, mimi najua vitu viwili. Mwili ukiwa na ugonjwa, mtu anaumwa. Mwili ukiwa hauna ugonjwa, mtu ana hila. Kuna cha tatu?"

"Fikiria ndimu."

"Nini?"

"Ndimu mbichi. Imekatwa katikati, imepakwa chumvi, maji yake yanakuchuruzika kidoleni. Unailamba."

Watu wote wakamtazama koo. Koo likapanda, likashuka.

"Umemeza nini?" nikamuuliza.

"Mate."

"Ndimu iko wapi?"

Akatazama mikono yake mitupu.

"Hapa hakuna ndimu. Kuna wazo la ndimu, wazo tu, kama mnavyopenda kusema. Na mwili wako umeshaanza kuitafuna. Ulijifanya?"

Watu wakacheka tena, na safari hii walimcheka yeye, na hapo nilikosea hesabu yangu, kwa sababu Meshaki ni mtu asiyechekwa bure. Alipanguza mdomo. "Mate ni mate," akasema polepole. "Miguu ni miguu. Niambie, wewe unayejua. Hilo wazo lina mikono? Linalishikaje paja la mtu mzima?"

Nitakwambia ukweli, msomaji. Swali lake ni zuri. Ni swali ambalo watu wenye vyuo na maktaba wamelikalia vichwa vikawaota mvi. Wazo halipimwi mizani, halina upana, hulioni hata ukimfungua mtu fuvu. Paja lina nyama na uzito. Hicho kisichoshikika kinakishikaje kinachoshikika? Nimesoma niwezavyo na sijui. Wapo wanaosema ni vitu viwili vinavyoishi nyumba moja. Wapo wanaosema ni kitu kimoja chenye majina mawili, na kwamba daktari na Bibi Anyelwisye wanakigusa kilekile kwa mikono tofauti. Lakini kuna jambo nalijua. Ukipokea simu ya msiba magoti yanalegea kabla hujakata simu. Binti akitajiwa jina la mchumba uso unamchemka. Inatokea. Mtu asiyejua inatokeaje hana haki ya kusema haitokei.

Hayo niliyasema. Meshaki akajibu kwa neno moja.

"Tutapima."

Akaeleza, na kila mtu alielewa. Jumamosi, mbele ya watu, kaa la moto litawekwa kwenye wayo wa Atupakisye. Asipouvuta mguu, anaumwa kweli, na ukoo utamtunza. Akiuvuta, ni mwongo aliyekwepa kazi na kumnyima marehemu heshima yake, na atarudi kwao Kisondela. Nyumba na migomba vitarudi kwa ukoo. Na Tulia, kwa kuwa ni damu ya ukoo, atabaki.

Ng'ombe hakutajwa. Hakuwa na haja ya kutajwa, alikuwa zizini anatafuna, tumbo limemjaa.

Atupakisye aliposikia jina la binti yake alishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo mpaka Jumamosi nilizunguka kwa wazee, kwa mzee wa kanisa, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mmoja aliniambia ni mambo ya kifamilia. Mwingine alisema kaa dogo haliui mtu.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi ikakatika mchana, ukungu ukabaki umelala kwenye migomba. Mlikuja wengi. Uwanja ulijaa! Waliokataa kuja kutema maji walikuja kutazama moto. Mlikuja na miavuli, mna watoto mgongoni, mmoja wenu alikuwa anamenya parachichi kwa kisu na kula akiwa amesimama.

Jiko lilikuwa katikati, linapepewa, na Atupakisye amekalishwa mkekani kando yake. Bibi Anyelwisye alikaa kigodani chini ya paa, amejifunika khanga mpaka pua. Tulia alishikwa na shangazi zake wawili, mmoja kila mkono. Meshaki alichukua koleo akachagua kaa kama mtu anayechagua nyanya.

Nikasimama mbele yake.

"Ondoka, profesa."

"Nikuulize swali moja mbele ya watu. Akiuvuta mguu?"

"Mwongo."

"Umeshawahi kuchinja kuku?"

"Wameanza," mtu akasema nyuma, na wengine wakaguna kwa kicheko.

"Umemkata shingo, umemwachia. Anafanya nini?"

"Anarukaruka."

"Anakimbia. Mwaka ule wa harusi ya Agness kuku wako alikimbia bila kichwa mpaka kwa jirani, tukamfuata huko. Nani alikuwa anakimbia, Meshaki? Kichwa kilikuwa mkononi mwako. Kuku yule alikuwa anajifanya amekufa?"

Hapo walicheka kweli, hata shangazi mmoja. Nikaendelea upesi kabla kicheko hakijapoa. "Mguu unaweza kuruka wenyewe bila kuamriwa na mwenye mguu. Mtoto mchanga usingizini ukimgusa na kitu cha moto anavuta, hajaamua. Kwa hiyo ukimchoma na mguu ukaruka, hujajua kama anaweza kutembea. Usiporuka, umemchoma mgonjwa. Kote kuwili hujajua kitu na umemchoma. Sasa unapima nini?"

Nilidhani nimeshinda. Kaa lilianza kufifia kwenye koleo. Niliona watu watatu wanne wanatikisa vichwa, na wewe ulikuwa mmoja wao, uliitazama ardhi ukatikisa kichwa. Ungesema neno wakati ule, lolote, yangeishia pale.

"Edward."

Ilikuwa sauti yake. Atupakisye alikuwa ameinua uso.

"Ndaga, Edward. Asante. Lakini sogea."

"Mama Tulia, usi..."

"Sogea, nimesema." Alikuwa ananyoosha mguu kwa mikono, anauburuta kama gogo, mpaka wayo ukamwelekea Meshaki. "Kila asubuhi naiambia hii miguu, twende. Hainijibu. Wote mnasema ni mizima. Daktari kasema ni mizima. Basi asiye mzima ni nani? Labda kweli najifanya na mwenyewe sijui. Mnasema sana, mpaka nami nimeanza kujiogopa. Usiku nalala na mtu nisiyemwamini, na mtu huyo ni mimi." Akamtazama Meshaki. "Weka, shemeji. Na mimi nijue."

Kama una moyo, hilo ndilo lingekutoa machozi, kuliko moto. Mmembana mtu mpaka akakubali kwamba ninyi mnaoangalia kutoka nje mnamjua ndani kuliko anavyojijua. Hakuna mtu amewahi kuingia kwenye maumivu ya mwenzake akayaona yamekaaje. Tunachoweza ni kuamini au kukataa. Ninyi mlikataa kwa muda mrefu hata yeye akajiunga nanyi.

Meshaki aliinama. Nilimrukia, wakanishika, Lugano na mwingine. Tulia alipiga kelele moja tu.

Kaa likagusa wayo.

Mguu ukaruka.

"Huyoooo!" uwanja ukapasuka. "Mwongo! Umesogea! Mguu umesogea!"

Na yeye Atupakisye, hakusikia neno mwongo. Alisikia umesogea. Niliuona uso wake ukifunguka kama wa mtoto aliyeitiwa zawadi. "Umesogea!" akasema. "Tulia, umesogea! Tulia, nitazame!" Akapiga mikono chini, akajisukuma, akasimama. Nakiri alisimama. Alisimama kwa nguvu za furaha, mikono imetanda, anacheka kicheko chake kilekile cha kwenye chai, na aliinua uso kumtafuta binti yake katikati ya watu.

Kisha miguu ikakunjika chini yake, yote miwili, kama kitambaa. Hakujikinga. Mtu anayejiangusha hutanguliza mikono, mikono yake ilikuwa imenyooshwa kwa Tulia. Akaangukia jiko.

Sitaieleza harufu. Uliisikia.

Wa kwanza kufika alikuwa Bibi Anyelwisye, mwanamke wa fimbo. Alimwaga ndoo nzima ya maji, mvuke ukatufunika wote, na ndani ya mvuke nikamsikia anasema, "Mwe, mwe, mwe, mkamwana wangu." Nilipojinasua tulimtoa, mimi na Tulia na yule mama aliyemtania Meshaki. Mkono wa kulia umeungua mpaka kiwiko, na shavu. Nilipogeuka kuomba msaada wa kumbeba mpaka barabarani, uwanja ulikuwa unapungua. Migongo. Miavuli. Meshaki amesimama bado na koleo, anasema na kila anayepita: "Mmeona wenyewe. Mguu umesogea."

Sentensi hiyo imesambaa. Nimeisikia Ibighi kwa muuza chapati ambaye hajawahi kufika Lufingo. Mguu umesogea. Ubaya wake ni kwamba ni kweli.

Jana nilikwenda kwa daktari yule kijana, nikamweleza. Aliinuka kitini. "Nilisema mawazo," akasema. "Sikusema uongo! Ni ugonjwa, nimeuona kwa wengine, na wapo waliotembea tena. Mguu kuruka ukichomwa ni kazi ya uti wa mgongo, haungoji ruhusa ya kichwa. Kusimama na kutembea ni kitu kingine." Nikamuuliza atapona? Akasema anaweza, pole kwa pole, akiwa na mazoezi, na mtu wa kuzungumza naye, na nyumba, na mtoto wake. "Lakini ukimwambia kila siku kwamba hana kitu, na ukamnyang'anya binti," akasema, "hapo sijui." Yuko tayari kumpokea wodini Jumatatu hii. Jumapili yeye yuko zamu, hawezi kuja. Na hata angekuja, ukoo haumjui.

Atupakisye alifungwa mkono zahanati, sasa amelala kwa Bibi. Bibi amekaa mlangoni na amemwambia Meshaki, "Humtoi hapa mpaka ukoo ukae." Ukoo unakaa Jumapili baada ya ibada. Meshaki atasimama na sentensi yake moja ya kweli, na wazee wengi waliokuwa mbali watauliza: ni nani aliyeona zaidi ya hapo? Mimi neno langu halina uzito pale. Mimi si wa ukoo, mimi ni profesa wa gulioni, nilishikwa mikono mbele ya watu. Tulia ni mtoto, wataambiana anamtetea mama yake. Jumapili jioni wanaweza kumpakia mwanamke huyu kwenye bodaboda kwenda Kisondela, mkono mmoja, miguu hamna, na binti yake amefungiwa ndani.

Wewe ni wa ukoo, au ni jirani wa ukoo, au ulikula nao. Wewe watakusikiliza. Sikuombi uelewe wazo linashikaje paja, mimi mwenyewe sijui. Wala sikuombi umpende Atupakisye. Ulichoona ndicho ninachokitaka.

Basi acha kusoma. Jumapili ukitoka kanisani usipitilize nyumbani. Shuka Lufingo, ingia uwanjani bila kungoja karibu, na Meshaki akisema mguu umesogea, inuka umwambie mbele ya wazee wote: ndiyo, ulisogea, kisha akasimama akidhani amepona, akanyoosha mikono kwa mtoto wake, akaanguka. Liseme kwa sauti, kwa jina lako. Na leo hii, kabla hujalala, mtafute mwingine mmoja aliyekuwa amesimama kando yako, uje naye.